Pikapu Kuinuliwa Pua: Spesa Ndogo, Dhamana Kubwa

Kwa watu wetu wa pwani, pikapu si chombo cha mizigo tu. Asubuhi huteremsha samaki wa Kipini au madafu ya Kilifi, adhuhuri huchukua simiti ya mtu anayejenga, na jioni, pakitokea msiba, ndiyo hiyo hiyo ipakiayo jeneza na jamaa kuelekea makaburini, watu wamesimama nyuma wakishikana mabega. Gari la namna hiyo likiguswa miguu yake na fundi, anayehusika si mwenye gari peke yake.

Twayasema haya kwa ajili ya mtindo unaopendwa sana na vijana, wa kuinua pikapu za zamani upande wa mbele kwa kuzitia spesa. Kupenda kwao si upuuzi. Pikapu hutoka kiwandani nyuma ikiwa juu kuliko mbele, maana springi za nyuma zimewekwa kwa kungojea mzigo. Ikiwa tupu, huonekana kama mtu aliyeinama kutafuta kitu alichokiangusha. Tena kuna matuta yetu ya barabarani, na kuna udongo mweusi wa upande wa Tana ambao mvua ikinyesha hugeuka uji. Walioziona mvua za El Niño za mwisho wa 2023 hawahitaji kuelezwa faida ya gari lenye tumbo la juu.

Lakini spesa yenyewe ni nini? Ni kipande cha alumini, chuma au plastiki ngumu, unene wake wa vidole viwili hivi, kinachokaa kati ya kichwa cha springi ya mbele na chesisi. Tuchukue Toyota Hilux ya kizazi kilichoanza 2004 na kwisha 2015, ile ambayo wengi waiita Vigo. Mbele yake kila upande una springi ya mviringo iliyovishwa juu ya shokamzoba, na vyote viwili hukaa kama kitu kimoja kati ya chesisi na mkono wa chini wa gurudumu. Hilux nyingi za mizigo zilizotangulia hazikuwa hivyo. Baadhi zina springi za vyuma bapa vilivyopangana, nyingine zina fito za chuma zinazojipinda, na hizo za fito huinuliwa kwa kukaza bolti zake tu. Mtu akikuuzia spesa hii kwa gari la namna hizo, mwage kwa heri.

Sasa hapa pana jambo linalowaponyoka wengi. Springi haikukaa juu ya gurudumu. Imekaa karibu na katikati ya ule mkono wa chini. Sukuma mlango karibu na bawaba kwa inchi moja, kisha utazame ukingo wake wa mwisho umekwenda wapi. Ndivyo ilivyo kwa pikapu hii: spesa ya milimita 25 juu ya springi huinua gari kiasi cha milimita 50. Basi kijana atakaye inchi mbili, akaenda akanunua spesa ya inchi mbili, amejinunulia inchi nne, na hapo ndipo misiba inapoanza.

Ekseli fupi zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele hulala kwa pembe kali zisiyoizoea. Mipira inayofunika vifundo vyake hukunjika, ikapasuka, grisi ikarushwa nje na mchanga ukaingia ndani. Boljointi ya juu hufika mwisho wake kila gurudumu linapoangukia shimoni. Mpira wa breki huvutwa. Hata ile shokamzoba, kwa kuwa imesukumwa chini na spesa nene, yaweza kugonga mwisho wake kabla mpira wa kuzuia mgongano haujafikiwa, na kila tuta likawa pigo la nyundo. Kwa gari la aina hii inchi mbili ni ukomo wa mwenye busara. Kupanga spesa mbili moja juu ya nyingine, au kurundika waasha zilizochomelewa kichochoroni, hilo hatulijadili.

Kazi yenyewe, kwa fundi mwenye vifaa, ni ya siku moja. Yataka sakafu ngumu iliyo sawa, si mchanga wa chini ya mwembe. Magurudumu ya nyuma hutiwa vizuizi, mbele huinuliwa kwa jeki, kisha chesisi ikakalishwa juu ya stendi za chuma, wala si juu ya mawe au matofali. Pande zote mbili huinuliwa pamoja, kwani ile fito ya stabilaiza imeunganisha kushoto na kulia. Ukifungua upande mmoja na mwingine uko chini, itakusukuma dhidi yako. Viungo vyake vikishafunguliwa, hufunguliwa bolti ya chini ya shokamzoba, boljointi ya juu huachishwa ili mkono ushuke, na mwisho nati tatu za juu kwenye chesisi.

Nati hizo ni tatu zilizouzunguka mduara. Katikati yake pana ya nne, na hiyo haiguswi. Ndiyo iliyoifunga springi ikiwa imeminywa, na akiifungua mtu asiye na chombo cha kuibana springi, itaruka kwa nguvu ya kuua. Fundi asiyeijua tofauti ya nati hizi asiachiwe hata kufungua gurudumu.

Spesa ikishakaa juu na kukazwa, kila kitu hurudishwa kwa njia kilichotokea. Bolti ya chini, kwa kuwa imepita ndani ya mpira, hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ikikazwa linaning'inia, mpira hubaki umejipinda maisha yake yote, nayo hayatakuwa marefu. Kisha gari lipelekwe kupimwa magurudumu, maana kuinuliwa kumebadili yanavyosimama na yanavyotazama, na asiyefanya hivyo ataona tairi zinaliwa ubavu mmoja. Taa za mbele nazo ziteremshwe, zisije zikawatia upofu wanaokutana nawe usiku.

Kuna jambo jingine, nalo naliona kubwa kuliko hayo ya spana. Spesa huongeza kimo, haiongezi nguvu. Springi iliyochoka kwa kubeba simiti miaka 15 ikitiwa spesa itasimama wima kama mpya, na uchovu wake uko pale pale. Mwenye gari akijua hivyo na akaridhika, ni gari lake. Lakini akilipeleka sokoni, mnunuzi akaliona limesimama vizuri asiambiwe neno, hapo tumeingia mlango mwingine.

Waliosoma fiqhi watakumbuka habari ya tasriya. Zama za Mtume (S.A.W.) walikuwako wauzaji walioacha kumkamua ngamia au mbuzi siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani amepata mnyama wa maziwa mengi. Mtume akalikataza, na aliyekwisha kumnunua akampa khiyari baada ya kukamua: akitaka abaki naye, akitaka amrudishe pamoja na pishi ya tende. Mimi si shehe, lakini kiwele kilichofungwa na springi iliyochoka ikanyanyuliwa kwa spesa naviona ni ndugu.

Na fundi je? Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.) akiwatoza mafundi dhamana ya vitu walivyokabidhiwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi kauli yenye nguvu ni kwamba fundi ni mwenye amana, halipi ila akizembea au akivuka mpaka. Sasa aliyekaza nati kwa kukisia badala ya spana ya kipimo, au aliyerudisha nati kuukuu zilizolegea, tumweke upande gani? Hilo ni swali la kuulizwa gerejini kabla ya kazi, mbele ya mashahidi, si baada ya gurudumu kuchomoka watu wakiwa nyuma.

Kwa hiyo kabla spana haijagusa kitu, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madgadi, kushoto na kulia, uandike. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwenzake, au shokamzoba ikiwa inavuja mafuta, hizo fedha za spesa zianze kwanza kwenye springi na shokamzoba mpya. Kazi ikimalizika, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili huku mtu amechutama akitazama mipira ya breki isiguse wala isivutwe. Baada ya kilomita mia chache nati zote zikazwe tena, na safari hizo za kwanza ziwe za gari tupu.