Bolti Iliyokatikia Ndani ya Injini

Mji wa Bukoba hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Unyevu uistawishao migomba na mibuni, kutoka hapo hadi Muleba, ndio uletao kutu katika injini za dizeli za malori na za mashine za kusaga.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo bolti ya bomba la moshi hubanwa na kutu yake yenyewe, hata fundi akizidisha nguvu ya spana huikata shingo, na kisiki kikabaki ndani ya kifuniko cha silinda.

Baadhi ya vifuniko ni vya alumini, na hapo joto ni msaada mkubwa. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, alumini hutanuka takriban sehemu 23 katika milioni, feleji 12 tu. Vikipashwa nyuzi 100 zaidi, tundu la milimita 10 huizidi bolti kwa milimita 0.01 hivi: uwazi mwembamba kuliko unywele, lakini huweza kuuvunja mshiko.

Ikishindikana, kisiki hutobolewa kwa keekee na kuingizwa kichomozi chenye hesi za kinyume. Hatari iko hapa. Kichomozi ni feleji ngumu isiyopindika; kikivunjikia ndani, keekee ya kawaida haikikati. Ndiyo sababu fundi mzoefu hupendelea kuchomelea nati juu ya kisiki: joto hulegeza kutu, spana hupata pa kushika, na chuma kilichoyeyuka hakigandi kwenye alumini.