Sinema Iliyorushiwa Wino

Leo nawapeleka Paris, wanangu, lakini si kwenye ule mnara wa chuma ambao kila mgeni hukimbilia kupigia picha. Tunapanda kilima cha Montmartre, kaskazini mwa jiji, tukate kwenye mtaa mwembamba wenye mwinuko mkali uitwao rue Tholozé. Ukiinua macho, kule juu unaona kinu cha upepo cha zamani. Kabla hujakifikia, nyumba namba 10, kuna jumba la sinema dogo, viti vyake havifiki 200. Jina lake Studio 28.

Hiyo 28 imetokana na mwaka. Februari 1928 bwana mmoja, Jean Mauclaire, alifungua jumba hili ili aonyeshe filamu ambazo wenye majumba makubwa walizikwepa wakihofia viti vitupu. Alianza na filamu ya Kirusi, pamoja na filamu fupi za Abel Gance. Huyu Gance kiwambo kimoja hakikumtosha. Alitaka vitatu, vimepangwa ubavu kwa ubavu, na projekta tatu zikirusha picha kwa mpigo mmoja. Projekta moja ikichelewa kidogo tu, mambo yote yanaharibika!

Basi mwaka 1930 ikaja filamu ya Mhispania Luis Buñuel, iitwayo L'Âge d'or. Ilikwenda kama ndoto, haina mwanzo wala mwisho unaoeleweka upesi, na iliwacheka matajiri na wakuu wa dini bila haya. Wengine waliipenda. Wengine damu iliwachemka.

Usiku wa tarehe 3 Desemba, wafuasi wa vyama vya siasa kali, watu waliowachukia Wayahudi waziwazi, waliingia ukumbini kama watazamaji. Filamu ikiendelea, wakaanza kupiga kelele. Wakakirushia kiwambo wino, wakalipua mabomu ya moshi. Kisha wakatoka hadi sebuleni, ambako kulitundikwa michoro ya Salvador Dalí, Joan Miró na Max Ernst, wakaichanachana.

Na wakubwa wa jiji walifanya nini? Siku chache baadaye mkuu wa polisi wa Paris, Jean Chiappe, aliipiga marufuku filamu yenyewe! Ikakaa kifungoni nusu karne. Wakazi wa Paris waliruhusiwa kuitazama tena hadharani mwaka 1981.

Mauclaire alipata hasara kubwa, akaliuza jumba. Mmiliki mpya alileta vichekesho vya Kimarekani. Msimcheke: sinema ndogo humtegemea sana mtu anayelipa kiingilio mlangoni, na kicheko nacho kinalipia umeme. Mwaka 1948 jumba likanunuliwa na ndugu wawili wa ukoo wa Roulleau, wapenzi wakubwa wa filamu za kisanii. Rafiki wa jumba hilo, mshairi na mwongozaji Jean Cocteau, akabuni taa za ukumbini. Mpaka leo zimo ukutani.

Huenda jumba hili mmeshaliona bila kujua. Katika filamu Amélie ya mwaka 2001, binti wa Montmartre huenda sinema, na watu wote wakitazama mbele, yeye hugeuka nyuma kuangalia nyuso zao gizani. Sehemu hiyo ilipigwa humo humo Studio 28.

Sasa niwaulize. Kiwambo kikichafuka wino, kinafutwa au kinanunuliwa kingine. Lakini wenye jumba wakiingiwa na hofu, wakaamua kuonyesha tu kile kisichomkera mtu yeyote, nani atatuonyesha filamu ambayo bado hatujajua kwamba tungeipenda? Ndiyo maana majirani wa rue Tholozé wanaendelea kukata tiketi zao pale namba 10, hata usiku ambao filamu yenyewe itawatoa ukumbini wakibishana mtaa mzima.