Noti Nne za Bwana Stadler

Haya wanangu, sogeeni. Leo tunakwenda Vienna, Austria, mwaka 1791, kwa bingwa wa kupuliza klarineti aliyeitwa Anton Stadler.

Klarineti ni bomba lenye matundu, na pale mdomoni pana kipande cha mwanzi kinachotetema ukipuliza. Ina ndugu wengi: wafupi wana sauti nyembamba, warefu wana sauti nene. Uzuri wao, vidole hupangwa karibu namna moja kwa wote. Ila sauti si moja. Mwenye klarineti ya A akipuliza do iliyoandikwa, tunasikia noti iitwayo A. Mwenye baseti honi ya G, ndugu mmoja mrefu, akipuliza do hiyohiyo, tunasikia G.

Klarineti ya kawaida ukishuka nayo unakomea mi. Stadler hakuridhika. Alikuwa na klarineti ndefu, kazi ya Theodor Lotz, fundi wa ala wa mji uleule, yenye noti nne zaidi, hadi do ya chini. Rafiki yake Wolfgang Amadeus Mozart akaipenda sauti ile nene.

Mozart alikuwa ameanza kutunga konseto, yaani muziki wa mpulizaji mmoja na okestra, kwa ajili ya baseti honi ya G, na kurasa za mwanzo zipo hadi leo. Baadaye akaihamishia kwenye klarineti ya A ya Stadler. Mnadhani nani alipata kazi kubwa, mpulizaji? La! Do yake ilibaki do, na vidole vilevile. Waliohama ni okestra: fidla na wenzake waliokuwa wapige katika G sasa wakapanda hadi A.

Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo Mozart akafariki. Muswada wa konseto ukapotea. Mwaka 1800 mjane wake, Constanze, aliandika barua kwamba Stadler anadai begi lake lenye kazi za Mozart liliibiwa, ila wengine wanasema aliliweka rehani!

Hata hivyo, mwaka 1801 konseto ikachapishwa. Lakini nani angeinunua, ikiwa klarineti ndefu kama ya Stadler hazipatikani? Basi sehemu ya mpulizaji ikarekebishwa ili ipigike kwenye klarineti ya kawaida.

Imbeni nami, mkishuka: do, so, mi, halafu do ya chini kabisa. Klarineti ya kawaida inafika mi na kukwama, kama ndoo ambayo kamba yake haifiki maji. Warekebishaji wakaichukua noti isiyofikika na kuipandisha oktavu moja. Sasa imbeni tena: do, so, mi, kisha rukeni juu. Mnasikia? Wimbo ulikuwa unateremka, ghafla umerushwa ulikotoka. Noti ni ileile kwa jina, lakini mwendo umeharibika. Ndiyo maana mrekebishaji mzuri hapandishi noti moja peke yake. Huangalia kifungu kizima, akatafuta mahali mpulizaji anapovuta pumzi, na kuanzia hapo akazipandisha noti zote pamoja, ili kinachoshuka kiendelee kushuka.

Mwaka 1802 gazeti moja la muziki la Leipzig liliuchambua uchapishaji ule. Mchambuzi aliijua kazi ya asili, akaonyesha mahali noti zilipobadilishwa. Aliwashukuru warekebishaji kwa kuwajali wenye klarineti za kawaida, kisha akatoa shauri: ingefaa kuchapisha noti za Mozart kama alivyoziandika, na marekebisho yaandikwe kwa noti ndogo.

Katika karne ya 20 mafundi walitengeneza tena klarineti ndefu, na uchambuzi ule ukawa miongoni mwa vitu vilivyowasaidia wanamuziki kurudisha noti za chini mahali pake.

Basi wanangu, siku mkipewa wimbo wa ala moja muupeleke kwa ndugu yake, rekebisheni bila woga. Lakini andikeni marekebisho kwa penseli, na noti za mtunzi msizifute.