Uzalishaji wa nazi duniani wasuasua, bei yayumba

UZALISHAJI wa nazi duniani umeongezeka zaidi ya mara mbili tangu mwaka 1961, lakini kasi hiyo imepungua, huku ukame, vimbunga na uzee wa minazi vikiyumbisha bei.

Takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) zinaonyesha kuwa mwaka 1961 dunia ilivuna karibu tani milioni 24. Kufikia 2010 mavuno yalikuwa karibu tani milioni 60, na tangu hapo hayajapanda sana.

Karibu robo tatu ya nazi zote hutoka Indonesia, Ufilipino na India. Mojawapo ikipatwa na janga, soko zima hutikisika. Novemba 2013, kimbunga Haiyan kiliangusha au kuharibu minazi karibu milioni 33 nchini Ufilipino. Ukame wa El Niño wa 2023 na 2024 nao ulipunguza mavuno Asia. Mafuta ya nazi, yaliyouzwa kwa wastani wa karibu dola 1,100 za Marekani kwa tani mwaka 2023, yalipita dola 2,000 mwaka 2025.

Mavuno hayawezi kuikimbilia bei. Mkulima wa mahindi huongeza shamba msimu unaofuata, lakini mnazi mrefu huanza kuzaa baada ya miaka sita hivi, na ua huchukua karibu mwaka mzima kuwa nazi iliyokomaa. Anayepanda kwa kufuata bei ya leo, atavuna bei nyingine kabisa.

Katika pwani ya Tanzania kuna hatari zaidi: ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao huua mnazi na hauna dawa, pamoja na mdudu chonga anayezaliana kwenye magogo yanayooza. Minazi mingi pia ni ya tangu enzi za mababu.

Kwa mkulima mdogo, njia salama ni kupanda miche michache kila mwaka, kuondoa magogo na minazi iliyougua, kuchagua mbegu kutoka miti iliyobaki hai palipo na ugonjwa, na kupanda mihogo, kunde au mananasi katikati ili apate kipato wakati akisubiri.

Mfanyabiashara naye aulize mvua za mwaka jana kabla ya kuagiza mzigo. Ndizo zinazoamua nazi za mwaka huu.