Mteja Akiulizia "Soksi ya Kupima Pumzi ya Mtoto": Mambo 5 ya Kujua Kabla Hujapokea Pesa

Wauzaji wa Kilwa, Lindi na pwani yote, hii inawahusu. Kama unauza nguo za watoto WhatsApp au Instagram, ipo siku meseji itaingia: "Dada, unaweza kuniagizia ile soksi ya kupima pumzi ya mtoto?" Faida inavutia. Ila hii siyo dera, kwamba likimbana atabadilisha. Hapa kuna uhai wa mtoto.

1. Jua unachouza
Nguo za kupima pumzi zipo kweli. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Laval, Canada, walionyesha fulana iliyoshonewa kifuani uzi maalumu unaofanya kazi kama antena. Ukivuta pumzi uzi unanyumbuka, mawimbi yake yanabadilika, simu inasoma bila waya. Soksi za watoto ni kitu kingine: nyingi zinapima mapigo ya moyo na oksijeni kwenye damu, hazipimi pumzi yenyewe. Mwambie mteja tofauti hiyo.

2. Maneno ya tangazo yanaweza kukuponza
Kampuni ya Owlet ya Marekani iliuza soksi kama hiyo kwa miaka. Oktoba 2021 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ikaiandikia barua: soksi inayopima oksijeni na kumshtua mzazi ni kifaa tiba, na kibali hamna. Ikabidi waitoe sokoni. Kibali cha toleo jipya kilikuja Novemba 2023. Kampuni kubwa ilikwama hapo, sembuse wewe na posti yako ya "inazuia vifo vya ghafla". Hata madaktari wa watoto wa Marekani hawashauri kutegemea vifaa hivi kuzuia vifo hivyo. Usiandike hivyo kamwe.

3. Uliza TMDA kwanza
Hapa kwetu vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA. Kabla hujaagiza, waulize kama bidhaa hiyo imesajiliwa. Kuuliza ni bure, mzigo kukamatwa ni mtaji kuondoka.

4. Fikiria mazingira yetu
Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja na mafuriko, barabara ya Dar–Lindi ikakatika Somanga. Siku chache baadaye nyaya za baharini zikapata hitilafu, intaneti ikasumbua nchi nzima. Kwa hiyo muulize msambazaji: kifaa kinafanya kazi bila intaneti? Chaji inakaa saa ngapi umeme ukikatika? Kikiharibika, nani anatengeneza?

5. Mpe mteja kipimo cha bure
Mtoto akiwa ametulia, mama aangalie kifua na kuhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Kwa viwango vya WHO, pumzi ni za haraka zikifika:
• 60 au zaidi, chini ya miezi 2
• 50 au zaidi, miezi 2 hadi 11
• 40 au zaidi, mwaka 1 hadi 5

Mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida akifika hapo, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu, akishindwa kunyonya au midomo ikiwa ya bluu, asingoje hata saa moja. Na hata hesabu ikiwa ya kawaida, mama akiwa na wasiwasi ampeleke tu.

Jibu la kunakili:
"Asante kwa kuuliza. Kifaa hiki hakichukui nafasi ya daktari. Nikithibitisha usajili wake nitakutumia bei. Kama mtoto anapumua kwa shida sasa hivi, mpeleke hospitali kwanza, biashara tutaongea baadaye."

Unaweza kukosa oda moja, lakini mama huyo atawaambia wenzake wewe ni mtu wa kweli. Kwenye miji midogo kama yetu, hilo ndilo tangazo.

Umeshaulizwa bidhaa kama hii? Ulijibuje? Tuandikie kwenye komenti, na mtumie muuzaji mwenzako asome.