Binti Ana Kipaji cha Tenisi: Je, Aache Skuli Awe Mchezaji wa Kulipwa?

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana tulikuwa tumekaa nyumbani kwa kaka yangu hapa Ibra, kahawa na halwa mbele yetu, akatutolea jambo. Binti yake, ambaye mwaka huu anatimiza miaka 15, huwashinda wenzake wote kwenye tenisi. Kocha mmoja amemshauri amtoe skuli ampeleke ng'ambo, kwani muda unapita. Kaka alikuwa amefika mahali pa kufikiria kuuza shamba la mitende tuliloachiwa na marehemu baba, pamoja na zamu yake ya maji ya falaj.

Bi mkubwa alishtuka: "Mtoto wa kike azunguke dunia nzima na mkoba wa raketi?" Mdogo wetu aliyetoka Sur akasema tunamzibia mtoto riziki yake. Mimi, shangazi mtu, nafuatilia mchezo huu tangu ujana, nikaombwa nieleze. Niliyowaambia nayaandika hapa, maana najua si nyumba yetu peke yake yenye mtoto kama huyu.

Maana ya kulipwa

Wengi tukisikia "mchezaji wa kulipwa" tunafikiria mshahara wa kila mwezi, kama wa mchezaji wa mpira katika klabu. Tenisi haiko hivyo. Mchezaji ni kama mwenye jahazi lake: nauli, hoteli, kocha na matibabu ni juu yake, na faida ataiona huko aendako, au asiione. Mashindano ya kimataifa ya ngazi ya chini huwa na zawadi ya dola 15,000, na hizo ni za wachezaji wote pamoja. Anayetolewa mapema huenda asirudishe hata nauli yake. Kipato cha kueleweka huanza kwa wale 100 wa juu duniani hivi, kwani hao ndio wanaoingia moja kwa moja kwenye mashindano makubwa manne: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani.

Pia kuna sheria ya umri. Kwa wanawake, aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kucheza mashindano ya kulipwa. Tangu 14 hadi 17 idadi ya mashindano yake kwa mwaka ina kikomo, na kikomo hicho humwondokea akitimiza 18. Kwa hiyo ile "muda unapita" ya kocha si kweli kama inavyosikika.

Sheria hiyo ilikazwa katikati ya miaka ya 1990, baada ya watu kuona yaliyompata Jennifer Capriati wa Marekani. Alianza kulipwa Machi 1990 akiwa na miaka 13. Mwaka huohuo alifika nusu fainali ya Ufaransa, na mwaka 1992 akatwaa dhahabu ya Olimpiki huko Barcelona. Mwaka 1993 aliuacha mchezo, amechoka, na hata 18 hajafika. Alirudi baadaye na kushinda Australia mwaka 2001, lakini miaka iliyokuwa katikati ilimwia migumu sana.

Fatma wetu

Kwa wasiwasi wa bi mkubwa nilimtaja Fatma Al-Nabhani, aliyezaliwa Maskati mwaka 1991. Jina la Nabhani tunalijua: ndio ukoo uliotawala Oman kutoka Bahla, hapa jirani na Nizwa, na masultani wa Pate nao walijinasibisha nao. Kocha wake Fatma alikuwa mama yake mzazi, na kaka zake waliiwakilisha Oman katika tenisi. Alicheza amejisitiri, mikono mirefu na suruali chini ya sketi, na akaingia katika 400 bora duniani wakati hapa Ghuba hapakuwa na dada aliyemtangulia wa kumuuliza njia. Lakini tazama pia hesabu: kipaji kile, mama kocha, miaka yote ile ya safari, na bado 100 bora hakuifikia.

Fainali moja, njia mbili

Mfano ulionyamazisha baraza ulikuwa fainali ya wasichana ya wawili wawili huko Wimbledon, Julai 2022. Upande mmoja alikuwepo Angella Okutoyi wa Kenya, miaka 18, pamoja na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Angella alilelewa na bibi yake, mfanyakazi wa usafi katika skuli moja ya Nairobi. Upande wa pili alikuwepo Victoria Mboko wa Kanada, miaka 15, ambaye wazazi wake wametoka Kongo. Angella na mwenzake walishinda.

Baada ya ushindi ule Angella hakukimbilia fedha. Mwaka 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, anacheza huku anasoma, na Machi 2024 akaipatia Kenya dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Victoria alishika njia ya kulipwa. Goti likamsumbua, na mwaka 2025 aliuanza akiwa nje ya 300 bora. Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 18, alimshinda Naomi Osaka na kutwaa ubingwa wa Montreal. Basi yule aliyeshindwa mwaka 2022 hakuwa amechelewa, na aliyekwenda chuo hakuwa amepotea.

Kaka akauliza, "Sasa mimi nifanyeje?" Nikamwambia shamba asiuze. Binti amalize skuli, acheze mashindano ya vijana ya karibu, Maskati, Dubai na Doha, na akifika 18 chuo chenye ufadhili kiwe mlango wa kwanza. Goti likivunjika, cheti hakivunjiki.

Hapo ndipo tukagundua kwamba mwenyewe hatujamuuliza. Tulimwita kutoka jikoni. Aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Ami na shangazi, mimi tenisi naipenda. Nisichokipenda ni njia ya kurudi kutoka Maskati nikishindwa. Saa mbili garini, baba hasemi neno."

Kaka hakujibu. Wiki iliyofuata binti alishindwa tena. Nilimpigia simu usiku, akaniambia wamesimama njiani kula mishikaki, na kwamba baba amemuuliza habari za mtihani wa hesabu.