Butembo: Juu ya nini magoti inauma kisha futingi ya siku ya posho?

Siku ya posho asubui, mbele jua itoke, vikundi vya futingi vinakuwa tayari ku barabara. Vinapita Kimemi, vinashuka, vinapanda, nyimbo na makofi. Muji wetu hauna bustani kubwa ya kukimbilia, basi barabara njo bustani yetu. Wengi wanakuja kwa sababu munganga aliwaambia: tansio iko juu, ao sukari imepanda, tembeza mwili. Lakini kisha wiki tatu ao ine, mutu anabakia nyumbani. Ukimuuliza, anakuonyesha goti. Dawa za tansio anaendelea kumeza, mazoezi imeisha.

Mara mingi kosa haiko ku goti, iko ku hatua. Mutu mwenye kutaka kwenda mbio anatupa muguu mbali mbele yake. Kisigino kinagonga chini wakati mwili ungali nyuma, na muguu umenyooka kama muti. Hapo muguu unafanya kazi ya freni, na goti njo linabeba uzito. Inafaa hatua ziwe fupi na nyingi zaidi, muguu uanguke karibu na chini ya kiuno, goti likunjwe kidogo. Watafiti wa Chuo kikuu cha Wisconsin, kule Marekani, walipima wakimbiaji 45 na kutangaza matokeo mwaka 2011: mutu akiongeza hesabu ya hatua kwa 5 ao 10 kwa mia, bila kubadilisha mwendo, muzigo wa goti unapunguka.

Unaweza kujipima. Tumia saa ya telefone, hesabu muguu wa kuume tu kwa segonde 30, kisha zidisha mara ine. Ukipata 38, ni hatua 152 kwa dakika. Lenga 160, ni kusema 40 kwa segonde 30. Usipite hapo mwezi wa kwanza. Kuko wenye kusema kila mutu lazima afikishe 180. Hesabu hiyo mwalimu Jack Daniels aliitoa kwa wakimbiaji wa Olimpiki ya Los Angeles, mwaka 1984. Wale walikuwa ku mashindano, sisi tunatafuta afya.

Sasa nyimbo. Mwenye kuimbisha njo anashika miguu ya wote, murefu na mufupi, kijana na mama wa miaka 50. Wimbo ukiwa wa polepole na kikundi kinataka kwenda mbio, kila mutu anarefusha hatua, na magoti yanalipa. Kwa maoni yangu, waimbishaji waharakishe wimbo kidogo, lakini kikundi kisiongeze mwendo.

Milima nayo. Butembo iko karibu meta 1 800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Beni, na mugeni wa kutoka kule anahema mbele ya wengine. Ukipanda, fupisha hatua, na ukishindwa kuongea, tembea. Hakuna haya. Kupanda hakuumizi goti sana, muteremuko njo mubaya. Watu wengi wanaegemea nyuma wakishuka, wanapiga visigino kwa nguvu. Usijirudishe nyuma; piga hatua ndogo za haraka, macho meta kumi mbele, zaidi sana mvua ikiwa ilinyesha na udongo unateleza.

Wengine wanauliza kama inafaa kukanyanga na vidole. Mwaka 2010, Daniel Lieberman wa Harvard alionyesha kama wakimbiaji wa Kenya waliozoea kukimbia bila viatu mara mingi wanatanguliza mbele ya muguu. Watu wakashangilia. Lakini mwaka 2013 wengine walipima Wadaasanach, kule kaskazini ya Kenya, nao pia ni watu wa kutembea bila viatu: kwa mwendo wa kawaida, 72 kwa mia walitanguliza kisigino. Basi usijilazimishe. Mwenye kubadilisha kwa gafula anahamisha maumivu kutoka goti kwenda nyuma ya muguu. Angalia pia viatu: soli ikiwa imelika upande mumoja, acha hivyo.

Goti likivimba, ao likiuma hata usiku ukilala, usikimbie, nenda hospitali. Na wakati giza haijaisha, kimbieni mustari mumoja upande wa kushoto, muone pikipiki zikikuja. Kikundi chenye kujaza barabara yote kinawaachia mamotari kuchagua nani wa kukwepa.